Tochi, kijiti na dakika tano: namna muuguzi anavyopima kinywa, pua, koo na sinusi

Mtoto ana homa, pua inatiririka, hataki kunyonya wala kula. Wapo wazazi hapa Goma ambao hupita kwanza kwenye farmasi ya jirani, wanaeleza kwa maneno mawili, kisha wanarudi nyumbani na pakiti ya amoksisilini. Wengine wanafika kituo cha afya, lakini foleni ni ndefu na muuguzi yuko peke yake. Anagusa paji la uso, anaandika dawa, anaita mwingine. Katika hali zote mbili kuna jambo moja halikufanyika: hakuna aliyeangalia ndani ya kinywa cha mtoto.

Kumbe mambo mengi huanzia hapo. Surua huweza kuonekana ndani ya shavu siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka kwenye ngozi. Mpox inaweza kuleta vidonda kinywani. Noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto, huanza kama kidonda cha ufizi. Na anjini, yaani maambukizi ya koo na mafindofindo, ikitibiwa nusunusu inaweza kumwachia mtoto ugonjwa wa moyo wa maisha yote. Kuyatambua haya mapema hakuhitaji mashine wala umeme wa SNEL. Tochi, kijiti cha kushusha ulimi, mikono safi na dakika tano vinatosha.

Makala hii inaeleza muuguzi anaangalia nini, kwa utaratibu gani, kila alama inasema nini, na wakati gani haruhusiwi kabisa kumfungulia mgonjwa kinywa. Ni ya wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, lakini pia ya wazazi, ili wajue wadai nini wanapofika kwa muganga.

Kwa nini jambo hili lina uzito Goma

Katika vituo vya afya vya Kongo, mara nyingi muuguzi ndiye anayepokea mgonjwa, anayempima na anayeandika dawa. Awe wa kiwango cha A2, A1 au A0, daktari hayuko chumba cha pili. Macho yake ndiyo kipimo cha kwanza, na pengine cha mwisho.

Tena mji wenyewe unagusa pua na koo kila siku. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, karibu metre 1,500 juu ya usawa wa bahari. Vumbi jeusi la barabara linaingia puani mwa wamotari, wauzaji wa kando ya njia na watoto wa shule. Jikoni kuna moshi wa makala kwenye mbabula. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa inayowasha pua, koo na macho. Baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, na tena ule wa tarehe 22 Mei 2021, wakaaji waliishi na majivu na harufu hiyo kwa siku nyingi. (Mazuku ni kitu kingine: ni gesi ya kaboni inayotuama kwenye mabonde. Haina harufu, kwa hiyo pua haiwezi kumwonya mtu.)

Juu ya hayo kuna magonjwa ya mlipuko. Ebola ilifika Goma tarehe 14 Julai 2019, ndani ya mlipuko ulioanza Kivu Kaskazini mwaka 2018 na kumalizika Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa. Surua ya miaka ya 2019 na 2020 iliua zaidi ya watu 7,000 nchini, wengi wao watoto. Mwaka 2024 mpox iliingia katika kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji, na tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani, OMS, likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Magonjwa yote hayo matatu hugusa kinywa au koo. Muuguzi asiyeangalia huko anaweza kuyapita.

Angalia kabla ya kugusa

Kipimo kinaanza mgonjwa akiwa bado mlangoni. Muuguzi anatazama: anapumua kwa shida? Kila akivuta hewa kuna mlio shingoni? Mate yanamdondoka kwa sababu hawezi kumeza? Sauti imeziba kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni? Ameketi ameinama mbele, shingo ameinyoosha, hataki kulala chali?

Mtoto mwenye alama hizo asiwekewe kijiti mdomoni. Hii ni kanuni ya kwanza, na haina mjadala. Huenda kifuniko cha njia ya hewa kimevimba, au kuna jipu nyuma ya koo. Kijiti kikigusa hapo, au mtoto akilia kwa nguvu, njia inaweza kuziba kabisa na akafa mbele ya macho ya wote. Anaachwa mapajani mwa mama yake, amekaa jinsi anavyotaka mwenyewe. Anapewa oksijeni kama ipo, bila kumlazimisha, na anapelekwa opitali haraka akisindikizwa na muuguzi.

Kama hakuna alama hizo, muuguzi anaendelea.

Maswali machache yaliyo wazi

Maswali mazuri ni mafupi, tena ya Kiswahili cha nyumbani. "Mama, ilianza siku gani?" "Anameza mate bila shida?" "Anakohoa?" "Pua inatoa maji, makamasi mazito, ao damu? Upande mmoja ao zote mbili?" "Kuna mtu mwingine nyumbani ao jirani mwenye homa na vipele?" "Amepata chanjo ya surua?" "Umempa dawa gani tayari?"

Swali hilo la mwisho lisiulizwe kwa hasira. Mama akiogopa kukaripiwa ataficha dawa ya farmasi au ya mganga wa kienyeji, na muuguzi atapoteza habari anayoihitaji. Mtu mzima anaulizwa pia kama anavuta tumbaku, kama anapikia ndani, kama ana jino linalouma, na kama kuna kidonda kinywani ambacho hakiponi.

Jilinde, na umlinde mwingine

Mikono inaoshwa kabla na baada. Glavu na barakoa zinavaliwa, dirisha linafunguliwa. Muuguzi anasimama kidogo pembeni, si uso kwa uso, kwa sababu koo likiguswa mgonjwa anaweza kukohoa. Kijiti kinatumika kwa mtu mmoja na kutupwa. Kama ni cha chuma, kinasafishwa na kuuliwa vijidudu kabla ya mgonjwa mwingine. Kijiti kutoka mdomo hadi mdomo kinageuza kituo cha afya kuwa mahali pa kuambukizana.

Mgonjwa mwenye homa na vipele, au homa na kutokwa damu bila sababu, anatengwa kwanza kwenye chumba chake. Zone ya afya inajulishwa siku hiyohiyo. Kinywa chake kitaangaliwa, lakini na mtu aliyevaa vizuri.

Pua

Kwanza nje: je, imepinda, imevimba, kuna kidonda? Kwa mtoto mdogo muuguzi anatazama kama mbawa za pua zinapanuka kila anapovuta hewa. Hiyo ni alama ya kwamba anahangaika kupumua, na tatizo linaweza kuwa kwenye mapafu. Hapo anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno.

Kisha anaziba tundu moja kwa kidole na kumwambia mgonjwa apumue kwa lingine, halafu anageuza. Baada ya hapo anainua ncha ya pua kwa kidole gumba na kuelekeza tochi ndani. Utando wa ndani wenye afya ni mwekundu-waridi na una unyevu. Ukiwa mwekundu sana na umevimba, mara nyingi ni mafua au moshi na vumbi. Ukiwa umepauka, wenye maji mepesi na chafya nyingi, huenda ni mzio.

Rangi ya makamasi inadanganya wengi. Makamasi ya njano au ya kijani siyo ushahidi kwamba mgonjwa anahitaji antibiotiki. Mafua ya kawaida huyatoa pia. Lakini makamasi yenye kunuka, tena upande mmoja tu kwa mtoto mdogo, yafanye muuguzi afikirie kitu kilichoingizwa: punje ya haragi, shanga, kipande cha sponji. Asijaribu kukitoa kwa waya au kwa nguvu, maana kinaweza kusukumwa ndani zaidi na kuziba njia ya hewa.

Damu ya pua kwa kawaida hutoka sehemu ya mbele ya ukuta wa kati. Mgonjwa anaketi, anainamisha kichwa mbele, anabana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Kuinua kichwa nyuma, kama watu wengi wanavyofanya, kunaipeleka damu tumboni na mgonjwa anatapika. Damu isiyokoma, au damu ya pua pamoja na ufizi na homa, ni ya opitali.

Sinusi

Sinusi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Viko nyuma ya mashavu, kati ya macho, juu ya nyusi na ndani zaidi katikati ya kichwa. Vyote vina vijitundu vinavyofunguka puani. Pua ikivimba, vijitundu hivyo vinaziba, majimaji yanakaa ndani, uso unakuwa mzito. Hiyo ndiyo sinizite.

Muuguzi anabonyeza kwa vidole gumba chini ya mfupa wa nyusi kuelekea juu, bila kugusa mboni za macho. Halafu anabonyeza mashavu, kando ya pua, chini ya mifupa. Anauliza: "Inauma hapa? Pande zote mbili sawasawa?" Anamwomba mgonjwa ainame mbele; uzito wa sinizite huongezeka akiinama. Kisha anagonga polepole meno ya juu ya nyuma, kwa sababu mizizi yake iko karibu na sinusi za mashavu. Jino lililooza hapo linaweza kuwa ndilo chanzo cha usaha wote.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hakuna faida ya kubonyeza paji la uso. Sinusi za hapo huanza kukua vizuri kuelekea umri wa kwenda shule. Za mashavu na za kati ya macho zipo tangu kuzaliwa.

Kalenda husaidia kuliko rangi ya makamasi. Mafua ya virusi hupungua ndani ya siku 10. Muuguzi anafikiria bakteria katika hali tatu: siku 10 zikipita bila nafuu, mgonjwa akipata nafuu halafu akazidiwa tena, au homa ikifika digrii 39 pamoja na usaha puani kwa siku tatu nne mfululizo. Jicho likivimba, mgonjwa akiona viwili-viwili, kichwa kikiuma sana au shingo ikikakamaa, hiyo si sinizite ya kungoja. Maambukizi yanaweza kuwa yanaelekea kwenye jicho au ubongo.

Kinywa

Hapa haraka ndiyo adui. Utaratibu ni uleule kila siku ili kitu kisisahauliwe: midomo, fizi, meno, ndani ya mashavu, ulimi juu na chini, sakafu ya kinywa, kisha kaakaa. Meno ya bandia yanatolewa kwanza.

Rangi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, kinywa husema ukweli ambao ngozi inauficha. Ulimi na midomo iliyopauka huleta wazo la upungufu wa damu. Ulimi wenye rangi ya bluu-kijivu unaonyesha oksijeni haitoshi, na hiyo ni dharura. Njano chini ya ulimi inaonyesha manjano ya ini. Ulimi mkavu kwa mtoto anayeharisha unaonyesha maji yamepungua. Lakini mabaka meusi kwenye fizi, yakiwa laini na ya pande zote mbili, ni rangi ya kuzaliwa ya watu wengi na hayahitaji dawa.

Pembe za midomo na ulimi. Pembe zilizopasuka, pamoja na ulimi mwekundu uliolainika kama umepigwa pasi, mara nyingi ni dalili za lishe mbaya. Muuguzi wa Kivu anajua kuangalia hapo hapo miguu na nywele, asije akaiacha bwaki ikapita.

Utando mweupe. Kwa mtoto mchanga, weupe unaofutika ni maziwa. Ule usiofutika kirahisi na unaoacha wekundu au damu ni kuvu ya kinywa. Kwa mtoto mchanga hiyo ni kawaida na inatibika. Kwa mtu mzima asiye na sababu nyingine, ni mlango wa kuzungumza naye faraghani, kwa heshima, kuhusu kipimo cha VIH.

Ndani ya shavu. Vidoadoa vidogo vyeupe-bluu kama punje za chumvi juu ya wekundu, karibu na magego, ni alama ya surua. Henry Koplik, daktari wa watoto wa New York, ndiye aliyeieleza mwaka 1896, na bado inabeba jina lake. Mtoto mwenye homa, kikohozi, macho mekundu na alama hiyo asiketi tena kwenye benchi pamoja na wengine. Anatengwa, anaandikishwa, na anapata vitamini A: uniti 200,000 kwa aliyefikisha mwaka mmoja, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, 50,000 kwa aliye chini ya hapo, kisha kiasi hichohicho siku inayofuata. Muuguzi anaendelea kuangalia kinywa hata baada ya vipele kutoka. Vidonda vya surua ndivyo vinavyomfanya mtoto akatae kula, na njaa hiyo ndiyo inayommaliza.

Fizi. Ufizi unaouma, unaotoka damu, wenye kidonda na harufu mbaya, kwa mtoto dhaifu wa miaka 2 hadi 6 aliyetoka kuugua surua au malaria, unaweza kuwa noma inayoanza. Katika hatua hii antibiotiki, kusafisha kinywa na chakula chenye nguvu vinaweza kumponya. Shavu likivimba kisha likawa jeusi, saa zinahesabika. Bila matibabu, ugonjwa huu huua hadi watoto 9 kwa 10, na anayepona hubaki na tundu usoni. OMS iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023.

Meno. Mistari myeupe au mabaka ya kahawia kwenye meno ya mtoto wa Goma au Nyiragongo si lazima yawe uchafu. Hapa chemchemi ni chache, na familia nyingi hukinga mvua kwenye bati na kuijaza kwenye bidoni. Moshi wa volkano una floridi, mvua inaishusha, na mtoto anaikunywa wakati meno yake ya kudumu yanajijenga ndani ya mfupa. OMS inashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa litre. Mabaka hayo hayatoki kwa mswaki, hata ukisugua mpaka damu. Kwa hiyo mama asilaumiwe na mtoto asichekwe. Anachohitaji ni maji ya chanzo kingine, hasa kabla hajafikisha miaka minane. Jino lililooza ni jambo tofauti: lina tundu, linauma, linaweza kuleta jipu.

Taya. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka, meno yanayolegea, lakini bila jino bovu, anahitaji opitali kubwa. Inaweza kuwa ni saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Hukua kwa kasi sana, lakini dawa huiweza ikikamatwa mapema. Kung'oa meno hakumsaidii mtoto huyo, kunampotezea muda.

Kidonda kisichopona. Kwa mtu mzima, kidonda au baka gumu, jeupe au jekundu, linalopita wiki tatu, hasa pembeni au chini ya ulimi, halipakwi tu dawa. Linapelekwa kwa daktari.

Mpox. Vidonda kinywani, koo kuuma na tezi za shingo kuvimba vinaweza kuja pamoja na vipele vya ngozi, au hata kabla yake. Ndiyo maana muuguzi anayeona vidonda mdomoni anaomba pia kuangalia viganja, nyayo na, kwa faragha, sehemu za siri. Chanjo dhidi ya mpox ilizinduliwa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, lakini kuchanjwa hakuondoi kazi ya kuangalia.

Koo

Mgonjwa anafungua kinywa na kusema "aaa". Kijiti kinawekwa katikati ya ulimi, kidogo pembeni, si nyuma kabisa, ili asitapike. Mtoto anashikwa na mama mapajani, mgongo wake kifuani mwa mama, mkono mmoja wa mama kwenye paji la uso na mwingine ukikumbatia mikono yake. Muuguzi ana sekunde chache tu, kwa hiyo lazima ajue anatafuta nini.

Kimio, kile kinyama kinachoning'inia, kinapaswa kupanda katikati. Kikivutwa upande mmoja, kuna shida ya neva au jipu kando ya findo. Kisipokuwepo kabisa, huenda mtoto alikatwa kimio. Desturi hiyo iko Tanzania, Kenya na upande huu wa Kongo pia. Watu huamini inaponya kikohozi na kutapika. Haiponyi. Kinachofuata ni damu, usaha, pepopunda, na wakati mwingine kifo. Hata kimio kirefu hakina hatia. Kikohozi kinatoka kwingine.

Mafindofindo yanapewa namba. Moja, yanaonekana kwa shida, mbili, yamefika nusu ya njia ya kimio, tatu, yanakigusa, nne, yanagusana yenyewe. Ukubwa peke yake si ugonjwa, watoto wengi wanayo makubwa. Kinachohesabika ni wekundu, usaha na homa.

Hapa ndipo lilipo swali linalorudi kila siku: antibiotiki au hapana? Koo nyingi zinazouma ni za virusi. Muuguzi anatafuta vitu vinne: homa, usaha kwenye mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zinazouma, na kukosekana kwa kikohozi. Vikiwa vinne, au hata vitatu, kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, bakteria aina ya streptokoki inashukiwa sana. Mtoto huyo anahitaji penisilini: sindano moja ya ile inayokaa muda mrefu mwilini, au vidonge kwa siku 10 kamili. Siku 10, hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Dawa ikikatwa njiani, wiki mbili tatu baadaye viungo vinaweza kuvimba na moyo kushambuliwa. Mlango wa moyo ukiharibika haurudi kama zamani, na operesheni yake si kitu cha kupatikana kila mahali. Mwenye mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, kwa upande mwingine, hana faida na penisilini. Anapata mapumziko, maji na dawa ya homa.

Utando wa kijivu uliogandamana kwenye koo, unaotoka damu ukijaribu kuuondoa, pamoja na shingo iliyovimba, ni dondakoo mpaka ithibitishwe vingine. Usikwanguliwe. Mgonjwa anatengwa na kupelekwa opitali haraka, na zone ya afya inaarifiwa.

Na kinywa kisichofunguka kabisa? Taya likikaza, muuguzi anafikiria pepopunda au jipu la koo. Hakilazimishwi.

Shingo, kisha fishe

Kipimo kinamalizikia shingoni. Vidole vinapita chini ya taya, mbele na nyuma ya misuli, juu ya mfupa wa bega. Tezi inayouma na kuteleza mara nyingi ni ya maambukizi ya karibu. Tezi ngumu isiyouma, au iliyokaa zaidi ya wiki nne, inatafutiwa kifua kikuu au saratani. Masikio yanaangaliwa pia, kwa sababu maumivu ya koo husafiri hadi sikioni.

Yaliyoonekana yanaandikwa kwenye fishe. "Koo: nzuri" haisemi kitu. Maandishi yenye faida ni haya: "Homa 38.9. Mafindofindo namba 3, pande zote, usaha. Tezi za shingo mbele zinauma. Hakuna kikohozi. Anameza mate. Mashavu ndani safi." Muuguzi wa zamu ya usiku, au wa opitali atakayempokea, anajua papo hapo kilichobadilika.

Alama za kwenda opitali bila kungoja asubuhi

Mzazi au muuguzi akiona moja kati ya hizi, mgonjwa anapelekwa, kwa ambulansi au kwa njia yoyote salama:

- mlio anapovuta hewa, au mate kudondoka kwa kushindwa kumeza;
- ulimi au midomo yenye rangi ya bluu-kijivu;
- kushindwa kunywa au kunyonya kabisa, degedege, au kulegea;
- jicho lililovimba au shingo iliyokakamaa pamoja na homa;
- uvimbe upande mmoja wa koo, na kinywa kufunguka kwa shida;
- damu isiyokoma baada ya kubana pua mara mbili;
- ufizi au shavu linaloanza kuwa jeusi;
- utando wa kijivu kwenye koo.

Kinachofaa nyumbani

Kwa koo linalouma, mtu mzima au mtoto anayejua kutema asukutue kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto mchanga mwenye pua iliyoziba hunyonya vizuri akisafishwa pua kwa matone ya maji ya chumvi ya farmasi kabla ya kupewa titi. Mbabula itolewe nje au karibu na mlango. Asali isipewe mtoto chini ya mwaka mmoja, wala aspirini kwa mtoto yeyote mwenye homa bila muganga kuamua. Mafuta, pilipili au petroli havina kazi puani. Mtoto asiinamishwe juu ya sufuria inayochemka. Kuungua ni rahisi kuliko kupona.

Na kama muuguzi anaandika dawa bila kuangalia, mzazi ana haki ya kusema kwa upole: "Muganga, tafazali, umuangalie kwanza mu kinywa." Tochi ya simu ya mzazi mwenyewe inatosha kuwasha mwanga huo.